Kutu Chini ya Magunia

Hasira zangu nazijua. Siku ile, kwenye gereji yangu hapa Mpanda, zilimtoa kaka yangu meno mawili.

Tulikuwa tunaifufua Pijo, gari la marehemu baba. Mama alitaka kitu kimoja tu: aende nayo Kabungu kwenye harusi ya mdogo wetu wa kike, akae kiti cha mbele kama zamani. Nje bodi ilikuwa safi, rangi inang'aa. Nikagonga sakafu upande wa kiti chake. Nyundo ikazama hadi mpini! Nikachana zulia. Chini yake kulikuwa na magunia yaliyopakwa lami ya kuzuia kelele, na chini ya magunia hakuna bati tena, kutu tupu, inabomoka kama ugoro. Mama angedondoka barabarani na kiti chake.

"Ni wewe!" nikamwambia kaka. "Gari hili umebebea samaki wa chumvi kutoka Kapalamsenga miaka yote, ukaona kutu, ukaifunika!"

"Haki ya Mungu, magunia sikuyaweka mimi. We dogo, punguza mdomo."

Dogo! Nikamrukia. Tukaanguka juu ya vyuma, akanikaba koo, nikamng'ata mkono, nikapata spana, nikampiga nayo mdomoni. Nikampiga tena. Damu ikaruka mpaka kwenye mlango wa gari. Nilifurahi, sitadanganya. Akajikokota hadi kwenye pipa la maji, akakaa anatema.

Nikarudi kung'oa magunia kwa patasi, huku natukana. La mwisho lilipogeuka nikaona mshono: uzi wa nyavu, mafundo mawili mawili. Hakuna anayeshona hivyo zaidi yangu. Nikakumbuka. Ilikuwa masika, ndio kwanza nimejifunza ufundi, mama analalamikia kelele, baba ana haraka. Niliyabandika bati likiwa bado limelowa, lami juu, basi. Maji nikayafungia humo mwenyewe.

Nikalichoma lile gunia kwa gesi ya kuchomelea, kabla kaka hajainuka.

Nikachomelea bati jipya, nikalikausha, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo nikaweka sponji. Siku ya harusi mama alikaa mbele. "Jamani, limetulia! Hata kelele hakuna," akasema, kisha akamgeukia kaka aliyekaa kiti cha nyuma. "Na wewe, ulianguka vipi mpaka meno yakang'oka?"

Kaka akafunika mdomo kwa kiganja. "Niliteleza, mama."

Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Nilitazama barabara. Hadi leo sijamwambia kaka mshono ule ulikuwa wa nani.