Nimemtafuta Tingatinga Kikatiti nzima

Leo nimegundua rafiki yangu wa jeshini simjui jina.

Sitanii. Tumelinda lindo pamoja, tumegawana blanketi moja, lakini kwetu alikuwa Tingatinga tu.

Nimezunguka Kikatiti tangu asubuhi nikimuulizia. Watu wananitazama kama mgonjwa. Bodaboda mmoja kanipeleka hadi kwenye tingatinga la kuchonga barabara.

Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akisimulia nyumba yao, nyuma ya kanisa, kwenye migomba.

Nikaenda. Geti limefungwa. Nimebisha, kimya. Kutulia siwezi, kuondoka siwezi.

Mwisho nikapiga mluzi wetu wa lindo, ule wa kumwambia mwenzako: ni mimi, usipige risasi.

Migombani nikajibiwa. Mluzi uleule.

Jamani, nusura niruke geti na magoti haya.

Akatoka dada mmoja ameshika panga la kukatia majani ya ng'ombe. Pua ni ya Tingatinga kabisa.

"Shikamoo baba. Huo mluzi nani kakufundisha?"

"Tulikuwa tunautumia na baba yako, jeshini."

Akashusha panga, akanifungulia geti.

"Sisi alikuwa anatuitia chakula. Tulimzika mwaka juzi."

Tingatinga anaitwa Elirehema. Nimelisoma jina lake kaburini.

Sasa nyie wengine wa lindo letu. Redio, Kijiko, Mchungaji, najua mnaona hapa. Andikeni chini majina mliyopewa na wazazi wenu. Leo hii.

Naanza mimi. Baiskeli anaitwa Zakaria.