Mvua ya Jumatatu pale Kasense

Mwalimu Theodory wa Kasense alikuwa mtu wa kuandika alichokiona, hata kama hakiingii akilini. Ndiyo maana mwaka 1951, katikati ya Julai, Ufipa yote ikiwa vumbi na upepo wa baridi, daftari lake lilisema mvua imenyesha.

Kipima mvua, kopo la shaba lililosimikwa uani mwa shule, aliletewa na bwana shamba Flavian kutoka bomani, kwa sharti moja.

"Usiandike unachodhani, andika ulichokuta. Nikikuta hesabu za uongo, nakihamishia shule ya Mtowisa."

Theodory alikipenda kipima hicho kuliko baiskeli yake, na baiskeli aliipenda kuliko baadhi ya shemeji zake. Shule haikuwa na kitabu hata kimoja cha takwimu, hivyo alifundishia ukuta. Siku ya mvua watoto walikata bua la ulezi kwa urefu wa maji yaliyopimwa, wakalibandika kwa udongo. Siku kavu waliweka nukta ya mkaa.

Julai hiyo yalikuwa yameshabandikwa mabua matatu, na wazazi walikuwa wanacheka waziwazi. Kisha ikaja barua: Flavian atafika Jumatatu. Theodory akaogopa, tena sana. Akavuta kiti, akautazama ukuta kutwa nzima. Nukta sita, bua. Nukta sita, bua. Kila bua lilikuwa la Jumatatu asubuhi. Mvua gani hii inayojua kalenda?

Jumapili baada ya misa akajibanza nyuma ya choo cha shule. Hakukaa sana. Bibi Fransiska, jirani yake, alikuja na kibuyu cha maji, akapiga makofi taratibu kwa adabu mbele ya kopo, akainama kumimina.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mbona unatokea chooni kama mwizi wa kuku?"

"Bibi, hicho ni cha maji ya mvua tu."

"Ni chombo cha mgeni," alisema bibi. "Tangu lini chombo cha watu kikarudi kitupu kutoka kwetu? Wewe kila asubuhi unachungulia, huweki kitu. Nikaona aibu kwa niaba yako."

Jumatatu, kabla Flavian hajafika, mkono wa Theodory ulilishika bua la kwanza ulibandue. Alijua hakuna ambaye angemuuliza. Akauondoa mkono, akaliacha bua. Flavian alipoingia, akamweleza yote, mpaka habari ya choo.

Flavian aliutazama ukuta, akalitazama daftari, akacheka hadi akakalia dawati la watoto.

"Bomani tuna madaftari hadi darini," alisema, "na hakuna hata moja lililowahi kutuonyesha kuwa bibi amepita, kama ukuta huu. Kipima kinabaki hapa."

Theodory alikisoma miaka kumi. Kila kiangazi, Jumapili, Bibi Fransiska alipita akachungulia ndani ya kopo, mikono nyuma kama alivyoombwa.

"Mwalimu, hata leo huko juu hawajakupa kitu?"

"Sifuri, bibi. Nayo ni jibu."

Bibi hakubishana na msomi. Alifungua kitambaa chake, akamtia mayai mawili viganjani, kwa kuwa kilichoingia viganjani mwa mwalimu hakikuandikwa kwenye daftari lolote.