Jani Zima la Mmelia

Mwaka ule nilikuwa darasa la tisa katika shule ya misheni upande wa Kilimatinde, nami sikuwa mtu wa kunyoosha mkono. Ndiyo maana niliipenda kazi ya kukausha majani na kuyabandika daftarini: ukurasa ungesema kwa niaba yangu. Kurasa mbili zingebandikwa ukutani mwa maabara kabla ya mkaguzi kuja, na nilitaka mmoja uwe wangu.

Tulipewa miti miwili iliyoletwa kutoka Asia, mwarobaini na mmelia, yote ya uani kwetu. Jani la mwarobaini ni uti mmoja wenye vijani pande mbili. La mmelia uti wake hutoa matawi, na vijani viko kwenye matawi hayo. Basi likawa kubwa kuliko daftari. Mwalimu akasema, "Kateni tawi moja, libandikeni." Wenzangu wakakata. Tawi moja la mmelia ukilitazama, utaapa ni jani la mwarobaini!

Mimi sikukata. Nililikunja.

"Hili nini, chapati?" mwalimu akauliza. Darasa zima likacheka.

"Mwalimu, nikilikata si jani tena."

"Kumbe bubu wetu anasema! Kaa chini."

Zikabandikwa kurasa za wenzangu, na chini ya zote mbili likaandikwa jina moja la jenasi: Melia. Kitabu chetu kikuukuu kiliiweka miti yote miwili hivyo, lakini kile kipya cha maktaba kilikwisha kuutenga mwarobaini katika jenasi yake, Azadirachta. Familia moja, sawa, kama mimi na binamu zangu. Je, mimi ni mtoto wa baba yao?

Mkaguzi alipokuja, mwalimu alitusimamisha tusome ukuta kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia mwarobaini.

"Azadirachta," nikasema.

"Soma kilichoandikwa!"

"Kilichoandikwa si chake, Mwalimu. Jani la mmelia limekatwa, ndiyo maana yanafanana."

Mkaguzi alitazama saa yake, akasema ukuta ni safi sana, akatoka.

Adhabu yangu ilikuwa kufagia maabara mpaka shule ifungwe. Utovu wa adabu, walisema. Adabu gani? Shikamoo nilitoa, nilisimama wima, na jani langu lilikuwa la kweli. Nilifagia kwa hasira mpaka vumbi likaniingia kooni, na kila nilipoinua kichwa, Melia zilikuwa bado mbili.