Namba Zilizosomwa kwa Sauti

Baba mdogo alikuwa karani wa telegramu hapa Songea kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi na yeye akapunguzwa. Alikwenda Dar, akaingia kwenye biashara ya vipuri. Miaka ya intaneti ilipofika, alikuja kututembelea akiwa na kadi ya benki inayolipa hata ng'ambo. Aliiweka mezani kwetu Ruhuwiko, tukapokezana kuitazama. Mama aliinusa.

Mama ndiye aliyekuwa na shida. Masikio yake yalikuwa yanakufa polepole. Kwenye sala za jumuiya aliendelea kuitikia "Utuombee" wenzake wakiwa wamekwisha kufika kwenye Baba Yetu. Watoto wakacheka, naye akaacha kwenda. Mwanamke aliyeongoza rozari mtaa mzima sasa alishinda jikoni peke yake, akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Iliniuma sana. Daktari alisema kipo kifaa cha kuvaa sikioni, ila kwetu hakipatikani.

"Shemeji, hicho tutakiagiza kwa kompyuta," baba mdogo akamwambia. Alisema mara tatu ndipo mama akaelewa. Akacheka, huku anajifuta machozi kwa khanga.

Kesho yake tukaenda kwenye duka la intaneti mjini. Zilikuwepo kompyuta nne, feni moja, na benchi la watu saba waliosubiri zamu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, kuchapa nilikuwa najua, kwa hiyo nikakaa mbele ya kompyuta. Baba mdogo akasimama nyuma yangu na kadi yake.

Makarani wa telegramu wana desturi yao. Mmoja anasoma, mwenzake anarudia kwa sauti, ndipo wanaendelea. Baba mdogo alipenda kusema kwamba neno moja likikosewa, watu wa Namasakata watachimba kaburi la marehemu wa Madaba. Basi akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza.

"Nne, tano, sita. Rudia."

"Nne, tano, sita," nikarudia.

Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa namba, kisha mwezi na mwaka, kisha akaigeuza kadi akasoma zile tarakimu tatu za nyuma. Sauti ilikuwa ileile ya ofisini, ya kushindana na laini mbovu ya simu. Ningemwambiaje mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile kwamba apunguze sauti mbele za watu? Nikapaza na yangu, asije akaniona mzembe. Mzee mmoja pale benchi akamsifu kwa kusoma vizuri, na baba mdogo akafurahi kweli.

Kwenye skrini kulikuwa na onyo la Kiingereza: usimpe mtu yeyote namba hizi. Nililisoma. Sikumtafsiria, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kumaliza, na kwa sababu nilikuwa mwoga.

Siku chache baadaye benki ikampigia simu. Kabla malipo yetu hayajapita, mtu alikuwa amenunua simu na viatu kwa kadi ile, kwenye maduka tusiyoyajua, mpaka kadi ikafungwa. Mtaji wa vipuri ukaenda, na oda yetu ikafutwa. Walimuuliza kama aliwahi kumpa mtu kadi yake.

"Haijatoka mkononi mwangu!" akajibu kwa hasira, na hakusema uongo.

Alimlaumu mwanamke mwenye lile duka la intaneti, akamtukana mpaka barabarani. Nilijua chanzo, nikanyamaza. Hilo linanisumbua hadi leo kuliko wizi wenyewe. Kisha akapanda basi la Dar, akaniachia mimi kazi ya kumwambia mama.

Nilimsogelea sikioni nikamwambia taratibu. Akatabasamu. "Kimefika?"

Nikaongeza sauti. Akazidi kutabasamu, akaanza kufungua kilemba ili nimvalishe. Hapo ikabidi nipige kelele uani, majirani wote wakisikia: "Hakiji, mama! Tumeibiwa!"

Mchi wa jirani ukanyamaza. Mama akashusha mikono kutoka kwenye kilemba. Alivyoelewa yeye, kilichoibwa ni kifaa chenyewe.

"Basi huyo naye ana mama asiyesikia," alisema, kwa sauti kubwa bila kujijua. "Mwacheni akakitumie."

Sikumsahihisha. Nilimfunga kilemba chake upya, nikaingia ndani.