Kobalti Itapanda

Kila Januari nyumba ya Ngeleka kule Kapata, mtaa wa wachimbaji huko Katanga, ilijaa watu kama nyumba yenye harusi. Hawakufuata pombe. Walitaka kusikia mwaka utakuwaje.

Ngeleka alikuwa karani wa kampuni ya madini, mtunza karatasi wa ofisi ya biashara. Kila mwaka ulipoanza, makampuni ya fedha ya Ulaya yalituma utabiri wao: shaba itauzwaje, kobalti itauzwaje. Wakubwa walitazama namba, wakatupa. Ngeleka aliokota, akaweka. Wala hakuwa mjinga wa kuamini kila kilichopigwa chapa. Utabiri mpya ukifika, kwanza alifungua wa mwaka uliopita, aone nani alisema kweli na nani alipayuka. Kwa mtindo huo aliwaacha wengi njiani, ikabaki kampuni moja ya Bruxelles.

"Bale habadanganyi," aliwaambia majirani. Nao walimwamini, maana Kapata bei ikipanda, unga wa kampuni ulifika kwa wakati na walimu walilipwa.

Mwaka ule unga wa kampuni ulikuwa umebaki hadithi. Mashine zilisimama, mishahara ikapotelea njiani. Mikutanoni vijana waliimba kwamba Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Baba yake Ngeleka aliletwa na kampuni kuchimba; Ngeleka mwenyewe alizaliwa Kapata, na Kasai aliijua katika nyimbo za mama yake tu. Lakini mji wa Likasi Wakasai walikwisha kufukuzwa, na mkewe Kapinga alikuwa na dada mtaa wa Dilala aliyekwisha kupata nafasi kwenye behewa la kwenda Kasai.

"Tuende nabo, Tata," Kapinga alimsihi. "Kungali nafasi ya kitanda na mashini ya kushona."

"Ngoja kwanza tusikie Bruxelles inasema nini."

Posta ilikuwa imekufa. Utabiri ulifika ndani ya begi la mtawa aliyetoka likizo Ubelgiji. Ngeleka aliusoma mezani, wote, hakuruka neno, kisha akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kobalti itapanda!"

"Inapanda juu ya nini?" aliuliza Kapinga.

"Juu ya fujo ya Zaïre, kobalti itapunguka kwa soko. Si unajua, kule Kinshasa, basoda ya serikali banabomoa bitu, banaiba."

Kapinga alimtazama sana. "Na siye, tuko mu inchi gani?"

Swali hilo lilistahili jibu. Ngeleka alikunja karatasi, akasema kampuni itahitaji mikono, na nani mwenye akili atafukuza wafanyakazi bei ikipanda? Dada mtu akaondoka na behewa lake. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ngeleka alilisikia la mkuu wa Bruxelles vizuri kabisa, na guu likavunjika vilevile.

Machi mawe ya vijana wale yalianguka juu ya bati la Ngeleka. Mbayo, jirani Mkatanga, mwenyeji, waliyepakana naye ukuta miaka yote, aliwapitisha uani kwake, akawasindikiza hadi stesheni. Kitanda kilibaki, na mashine ya kushona pia.

Stesheni ilikuwa imejaa familia zilizolala chini ya mashuka na maturubai. Mvua ilinyesha, behewa halikuja. Kapinga alianza kukohoa, kikohozi kikavu kilichomkunja mgongo. Hakumlaumu mumewe hata mara moja, na Ngeleka aliona heri angetukanwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wa Bruxelles hawakudanganya. Walikuwa wameona kutoka huko kile ambacho yeye hakukiona mlangoni pake. Wakakiandika kama habari njema, kwa yeyote mwenye kobalti ghalani. Ngeleka alikuwa amewapima miaka yote kama wanasema kweli. Kwamba wanamwambia nani, hakuwahi kuuliza.

Siku moja Mbayo akaja na bukari, ule ugali wa kwao, na samaki wadogo. Akangoja Kapinga ale kidogo, kisha akasogea karibu, macho chini kwa haya.

"Tata Ngeleka, unisamehe. Batu kule Kapata banauliza. Ile karatasi ya Bruxelles ilisema nini, mwaka huu?"

"Ilisema kobalti itapanda."

Uso wa Mbayo ukang'aa. "Aksanti Mungu! Basi tutakula."

Ngeleka alimtazama mtu huyu mwema aliyemletea chakula, akamwonea huruma.

"Mbayo, ukisikia inapanda, funga bitu."

"Mi? Mi niko muntu wa hapa."

"Na mi nilizaliwa hapa."

Nyuma yao Kapinga alianza tena kukohoa. Mbayo alichukua sufuria yake tupu, akashika njia ya Kapata.