Miaka Mitatu ya Kuukausha Ubao wa Kaka

Saa tatu asubuhi, jua linachungulia kwenye matundu ya bati la banda na kudondosha vidoti vya mwanga juu ya mbao. Mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani anapita kati ya marundo, polepole, kama anayepita wodini wagonjwa wamelala. Anainama, anaugonga ubao mmoja kwa kidole na kusikiliza.

"Huu bado una maji," ananong'ona.

Majirani wanamwita Mama Kivuli. Anapokea mbao nene zilizotoka kuchanwa, mbichi bado, na kuzikausha bila haraka. Anazipanga juu ya matofali, kati ya ubao na ubao anaweka vijiti ili upepo upite. Ncha anazipaka rangi zisipasuke, na juu kabisa anaweka mawe zisipinde. Zaidi ya vidoti vile, jua haliruhusiwi kuingia.

"Watu wananiuliza, kazi gani hii ya kutazama mbao?" anasema akicheka. "Nawaambia, hata mtoto mchanga humwoni akikua. Lakini acha kumtazama, utakiona!"

Alijifunza kwa machozi. Miaka kumi iliyopita, akiwa mgeni kazini, alianika mbao ishirini juani ziwahi kukauka. Wiki mbili tu zikawa zimejikunja kama majani makavu.

"Mti ulioishi miaka themanini, nimeuharibu kwa siku kumi na nne. Nilikaa chini nikalia."

Mtihani mkubwa zaidi aliuleta kaka yake mkubwa, fundi seremala, aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Mti wa uwanja wa shule yao ya zamani ulipoanguka, kaka alinunua ubao wake mpana kuliko zote. Alitaka kutengeneza meza ya familia. Lakini daktari alishamwambia kwamba macho yake yanakwisha.

"Akaniambia, 'Mdogo wangu, nipe sasa hivi, nitengeneze nikiwa naona.' Nikamjibu, 'Kaka, nikikupa leo meza itapasuka katikati, na macho ya kutengeneza nyingine hutakuwa nayo.' Alinuna. Miezi miwili hakukanyaga hapa."

Kisha siku moja alirudi, ameshika fimbo, akaomba kupelekwa kwenye ubao wake. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi. Alikaa juu ya kigogo, akaupapasa, akaunusa. Wakati mwingine walikaa hadi mchana, wakisikiliza upepo ukipita kwenye vijiti kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

Kila mwezi dada alipima uzito wa kipande kidogo cha mti uleule, kwani kadiri maji yanavyotoka ndivyo kinavyokuwa chepesi. Mwaka huu, wa tatu, uzito ulisimama bila kushuka miezi mitatu mfululizo.

"Kaka, umekauka," akamwambia.

Wakati huo kaka alikuwa anaona mwanga tu. Aliupapasa ubao kutoka ncha hadi ncha, mara mbili, kisha akasema, "Nipe randa."

Sasa dada anamchorea mistari kwa ncha ya kisu, ili kaka aifuate kwa vidole. Miguu yote mitatu ya meza tayari imesimama. Juu, ubao umelala sawasawa, hauna hata ufa.

Mama Kivuli anajenga banda la pili, ambako kaka atakagua mbao kwa mikono kabla hazijauzwa. Tayari amefunga kamba kutoka getini hadi mlangoni, usawa wa kiuno.

"Asisubiri wa kumshika mkono," anasema, akilikaza fundo. "Nataka aje mwenyewe, asubuhi yoyote anayotaka."