Mkufu wa Hela za Wadachi

Gitega, mtaa wa Waswahili, birika likiota kutu ulimpelekea Kulthumu. Kazi aliirithi kwa mumewe Houssein, fundi wa shaba, aliyefariki kwa malaria mwaka wa tatu wa vita. Kulthumu alikuwa na mkono mwepesi kuliko marehemu, na maneno machache.

Ng'ambo ya ua wake wa miti ya miyenzi kulikuwa na kiwanja cha Bernadette, jirani aliyekimbia mauaji ya kikabila ya Oktoba ya mwaka tisini na tatu. Nyumba ilichomwa, mumewe Donatien akauawa mlangoni. Kiwanja kilipolala miaka minne, Kulthumu akaanza kukilima. "Ardhi haina kosa," aliwaambia waliomtazama vibaya, akapanda maharage.

Msimu wa pili jembe likagonga kopo. Ndani mlikuwa na hela za shaba, sarafu za enzi ya Wadachi, zimegandana kama tonge moja la kijani.

Espoir, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akinunua vitu vya kale, akaliona siku ileile.

"Weka limau na chumvi, mama. Kesho zitawaka, mi nakuja kuzibeba."

"Limau linakula shaba," Kulthumu akamjibu. "Utabeba vipande visivyo na sura."

Akazishughulikia kwa njia ya Houssein. Akalowesha lile tonge kwenye mafuta, akayabadilisha kila yalipogeuka kijani. Wiki ya tano hela zikaanza kuachana. Akazichokoa moja moja kwa mwiba wa mlimau, akazifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, akazirudisha kwenye mafuta. Likatokea taji, kisha tarakimu. Halafu mwiba ukazama: palikuwa na tundu karibu na ukingo. Ya pili nayo ilikuwa na tundu, na ya tatu.

Hela hizo ziliwahi kutungwa, na mkufu ule aliujua. Bernadette aliuvaa siku za arusi, urithi wa bibi yake wa Giheta, ukilia shingoni kila alipocheka.

Alijua na jambo jingine, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alasiri ile ya Oktoba, Bernadette alikuja kugonga kwake, mtoto mgongoni. "Mama Husni! Mama Husni, fungua!" Houssein aliinuka. Kulthumu akamkamata mkono. "Watatuua na sisi," akanong'ona, wala hakumwachia mpaka kugonga kulipokoma.

Espoir aliporudi akaambiwa mali ina mwenyewe. Akaondoka akisonya.

Habari zilisema Bernadette yuko Muyinga, anauza chumvi sokoni. Kulthumu akamaliza hela zote, akazitunga kwenye uzi mpya, akapanda gari lililofuata msafara wa askari. Njia nzima alipanga maneno.

Bernadette alikuwa amekonda, kichwa kimejaa mvi. Akaupokea mkufu, akaugeuza mara mbili.

"Uliutoa wapi?"

"Kwenye kiwanja chako. Nilikuwa nalima."

"We unalima kwangu. Mi niligonga kwako, Mama Husni. Mlikuwa ndani, nilisikia mnakohoa."

Katika maneno yote ya njiani, Kulthumu akatoa moja tu. "Niliogopa."

"Hata mi niliogopa. Mtoto alinifia mgongoni, Giheta hatukufika."

Akainuka na mkufu, akaenda meza ya tatu, kwa Matata, mnunuzi wa vyuma chakavu. Matata akakata uzi, akamwaga hela kwenye mizani pamoja na vipande vya nyaya. Bernadette akapokea noti bila kuzitazama, akarudi kwenye chumvi yake.

"Miezi mitatu nimezisafisha!" Kulthumu akaropoka. Aliposikia sauti yake mwenyewe alitamani ardhi immeze. Bernadette alikuwa ameshamgeukia mteja, anapima chumvi.

Msafara wa kurudi ulikuwa bado. Kulthumu alipata hifadhi kwa familia moja jirani na msikiti, akalala na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya zile hela kwenda kuyeyushwa. Jambo hilo likamtia aibu kuliko yote aliyoambiwa. Asubuhi akarudi sokoni kuomba msamaha. Meza ya chumvi ilikuwa tupu.

"Amesema hauzi mpaka mgeni wa Gitega aondoke," Ketsia, mwuza samaki wa ndagala wa pembeni, akamwambia. "Kwani we ni nani yake?"

"Tulikuwa majirani."

Ketsia akarudi kupanga ndagala wake. Kulthumu akaenda kukaa kituoni kungoja askari waseme njia imefunguliwa. Walisema hivyo siku ya tatu; siku zote hizo meza ya chumvi ilikaa tupu.